Tafrani gorofa ya nne: kuishi na mtoto wa paka mtundu

Nilimpata mwezi wa tatu, chini ya meza ya mama anayeuza omena katika soko la Mutindwa. Alikuwa akilia kwa sauti iliyozidi mwili wake, na macho yake yalikuwa bado na ule ubuluu wa utoto. Mama wa omena akaniambia, "Mchukue tu, fundi. Mama yake aligongwa na gari juzi, na hapa mbwa watammaliza." Nikamtia ndani ya mfuko wa vitambaa nikapanda naye ngazi hadi gorofa ya nne, hapa Umoja, Nairobi. Kufikia jioni alikuwa amelala ndani ya kikapu cha vipande vya nguo, na mtoto wa dada yangu, ambaye naishi naye, amepiga magoti kando yake akinong'ona.

Utulivu ule ulidumu siku tatu. Siku ya nne alipanda pazia hadi juu, akaning'inia, akaliangusha pamoja na fimbo yake. Siku ya tano aliiba kichwa cha samaki kutoka kwenye sufuria iliyokuwa bado juu ya meko. Wiki ya pili mikono yetu wote wawili ilikuwa imejaa mikwaruzo, na gauni la mteja, lenye lesi mabegani, lilikuwa na tundu ambalo nililiziba kwa ua la kitambaa usiku kucha. Mtoto ndiye aliyempa jina Tafrani, na likamkaa.

Mimi ni fundi wa nguo na kazi yangu yote iko chumba cha mbele: cherehani, meza ya kukatia, mabunda ya sare za shule. Kwa hiyo utundu wake ulikuwa unagusa chakula chetu. Nilifikiria kumrudisha sokoni. Na ushauri nilipewa mwingi. Jirani wa mlango wa pili alisema nimchape angali mdogo, maana samaki mkunje angali mbichi. Mwingine alisema nimfunge kamba mguuni. Soja wa geti, mzee mwema kabisa, alijitolea kumpeleka mbali huko Kayole amwache.

Nilijaribu ule wa kwanza. Nilimpiga kofi la mgongoni mara mbili, siku mbili tofauti, na najuta. Alichojifunza ni kunikimbia. Pazia aliendelea kulipanda, ila sasa alisubiri nitoke. Paka haunganishi adhabu na kosa lililopita hata dakika moja. Anachounganisha ni maumivu na mkono wako. Na kumpiga mnyama kikatili ni kosa kisheria hapa kwetu, chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ile methali ya samaki naikubali bado. Lakini inasema kukunja, haisemi kupiga.

Kilichonibadilisha ni maneno ya daktari wa mifugo nilipompeleka kuchunguzwa. Alimpima, akapata zaidi kidogo tu ya nusu kilo, akamtazama meno, akasema nilimwokota akiwa na wiki tano hivi. Kisha akaniuliza kama ana ndugu. Nikasema sijui. Akaniambia mtoto wa paka hapaswi kutengwa na mama kabla ya wiki nane, na wiki kumi na mbili ni bora zaidi, kwa sababu katika wiki hizo anafundishwa na ndugu zake. Akimuuma ndugu kupita kiasi, ndugu analia na kuacha mchezo. Mama naye akichoshwa huinuka akaenda zake. Hivyo ndivyo paka hujua meno yake yanauma kiasi gani. Wa kwangu hakuipata shule hiyo. Aliniuma kwa nguvu zote kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba inauma.

Basi ikawa ni juu yetu kumwonyesha, na tulianza na sheria moja ya nyumba: mkono si kitu cha kuchezea. Si mkono wangu, si wa mtoto, si wa mgeni aliyekuja kupimwa nguo na kuona paka mzuri. Watu wengi huanza kwa kuzungusha vidole mbele ya mtoto wa paka, na kwa kweli inapendeza akiwa na uzito wa nusu kilo. Miezi sita baadaye ni yule yule, mwenye kilo tatu na meno ya kudumu, na anafanya kile mlichomfundisha. Akituuma, mkono unatulia palepale, hatuuvuti. Ukiuvuta, unakuwa panya anayekimbia, naye atakamata zaidi. Akilegeza, tunainuka na kumwacha peke yake kwa dakika moja au mbili, bila kelele. Mchezo umekwisha. Ilichukua kama wiki tatu kabla meno kuanza kupungua nguvu, na mtoto alikuwa na subira kuliko mimi.

Jambo lingine kuhusu mikono ni tumbo lake. Akijilaza chali mbele yako, kubali kama heshima uliyopewa, usiliguse. Wazee walisema paka hakubali kulala chali, na ni kweli kwamba halali hivyo penye mashaka. Lakini ukipeleka mkono pale, makucha manne na meno yote vinakungoja.

Halafu kuna alfajiri. Kwangu ilikuwa saa kumi na nusu, karibu na adhana, kabla hata matatu za kwanza hazijaanza kupiga honi barabarani. Alikimbia kutoka mlangoni hadi dirishani, juu ya kitanda, juu ya vichwa vyetu, akaangusha bobini moja baada ya nyingine. Nilidhani ana wazimu. Kumbe paka ameumbwa kuwinda mapambazuko na machweo, na mchana analala. Mtoto wa paka hulala saa 16 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo ile nguvu iliyobaki yote hutoka kwa vishindo vichache. Wetu hakuwa na panya wa kukimbiza, hakuwa na ndugu, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye cherehani kutwa. Angewinda nini, kama si pazia na vidole vya miguu chini ya blanketi?

Sasa kila jioni, saa tatu hivi, nazima cherehani na kutoa kijiti cha mwanzi chenye utepe mpana wa kitambaa kizito uliofungwa imara. Kuna namna ya kukitumia. Usimpigie nacho usoni. Panya hamkimbilii paka. Ufiche nyuma ya mguu wa meza, utikisike kidogo, unyamaze, kisha ukimbie kumtoka. Mpe nafasi ya kunyatia, maana kunyatia ndiko kunakomchosha akili. Robo saa inatosha. Karibu na mwisho mwache akamate kabisa, aume, aburute, asihisi kwamba ametaabika bure. Papo hapo anapata chakula chake cha mwisho. Windo la paka lina mpangilio wake: ananyatia, anakimbiza, anarukia, anaua, anakula, anajilamba, analala. Ukimpitisha njia hiyo yote, usingizi unakuja wenyewe. Wiki ya kwanza alfajiri zetu zilipungua vurugu, ya tatu nilianza kulala hadi saa kumi na mbili. Sharti ni moja: akilia gizani, usiamke kumpa chakula. Ukiamka hata mara moja, umemfundisha kwamba kilio kinalipa. Nami niliamka mara moja, tukaanza upya.

Kijiti chenyewe kikishatumika nakifungia kabatini. Na hapa ndipo nataka kila fundi, kila mama anayefuma masweta, kila mwenye mtoto anayeshona shuleni asome polepole.

Ilikuwa Jumamosi, yeye akiwa na miezi mitatu hivi. Nilimwona amekaa kwenye kona, hachezi, mate yanamtoka, anajipangusa mdomo kwa mguu. Alikataa omena. Akatapika, akatapika tena. Nikamfungua mdomo: uzi wa buluu, ule ule wa sare nilizokuwa nikishona, umezunguka shina la ulimi, na uliobaki umeshuka kooni. Mtoto akasema, "Anti, uvute!" Na mkono wangu ulikuwa umeshaushika.

Sijui nini kilinizuia. Nilipiga simu kwanza. Daktari alisema neno moja kabla hata sijamaliza kueleza: usivute. Uzi ukinasa sehemu moja, kama chini ya ulimi, na ncha nyingine ikaendelea kusukumwa na matumbo, utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kinavyojikunja ukivuta uzi wa mshono. Fundi yeyote anaiona picha hiyo. Kisha uzi ule ule ulionyooka unaukata utumbo. Ukiuvuta kutoka nje, unafanya kazi ya kisu. Ni hivyo hivyo ukiuona umening'inia nyuma, chini ya mkia. Mfunge taulo, usimpe chakula, kimbia kwa daktari.

Alitiwa usingizi, akapigwa picha ya eksirei, akapasuliwa tumbo. Uzi ulikuwa umefika tumboni, haujaingia mbali kwenye utumbo, na hakukuwa na sindano. Alikaa huko siku mbili. Fedha zote za sare za mwezi ule zilikwenda pale, na kodi nikailipa kwa kuomba muda. Ningelipa tena.

Daktari alinieleza pia kwa nini alimeza, maana nilidhani ni uroho. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, vya kuchanulia manyoya na kukwangulia nyama kwenye mfupa. Uzi ukishaingia mdomoni, vimiba vile vinausukuma ndani, na hata akitaka kuutema ni shida. Kwa hiyo usiseme, "Atautema." Tangu siku ile kila bobini na kila sindano inakaa kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko, na nikiondoka kwenye cherehani hata kwenda chooni, uzi nautoa na sindano naifunika. Sakafu nafagia mara tatu kwa siku. Riboni za zawadi, mipira ya nywele, uzi wa kusafishia meno, yote ni kundi hilo hilo.

Nikiwa hapo, niseme hatari nyingine za nyumba zetu za Nairobi, kwa haraka. Maji yetu ni ya mgao, kwa hiyo kila nyumba ina pipa au ndoo kubwa zilizojazwa. Mtoto wa paka akiruka juu ya ukingo na kutumbukia, kuta laini za plastiki hazimpi pa kushika. Funika. Baraza la gorofani bila wavu si mahali pake. Watu husema fulani ana roho ya paka, lakini paka huanguka na kuvunjika taya na miguu, na huyu wako anamfuata nzi bila kutazama chini. Sisi tulifunga wavu wa kuku kwenye dirisha la jikoni, vyuma peke yake anavipenya. Waya za chaja nimezipitisha ndani ya mpira wa bomba la maji. Dawa ya panya hairuhusiwi kwangu, na nimewaomba majirani wa gorofa yetu, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu, sumu inaendelea kazi. Vidonge vya maumivu vya binadamu, hasa parasetamoli, vinaua paka hata kwa kipande kidogo. Na dawa ya viroboto iliyoandikwa ni ya mbwa isitumike kwake kamwe. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka inamtia mitetemo hadi kufa.

Kuhusu wizi wa chakula, hapo nakiri kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nampa mara mbili kwa siku, ugali uliochanganywa na mchuzi, na maziwa ya pakiti. Mtoto wa paka tumbo lake ni dogo na mwili wake unakua kila siku, anahitaji kula mara tatu hadi nne. Na ugali haumjengi. Paka ni mla nyama. Anahitaji taurini, inayopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho vinaharibika. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha, kwa sababu paka wengi wakishaachishwa kunyonya hawawezi tena kuyasaga vizuri. Sasa anakula kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, omena waliochemshwa bila chumvi, ini kidogo mara moja kwa wiki, na chakula cha dukani cha watoto wa paka mapato yakiruhusu. Mchuzi wetu hapewi, una vitunguu, navyo vinaharibu damu yake. Tangu ashibe, sufuria zangu ziko salama zaidi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikimwita mwizi mtoto mwenye njaa.

Makucha nayo usitarajie kuyakomesha. Paka akikwaruza anavua ganda la nje la ukucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake kutoka nyayoni. Lazima afanye, kilichobaki ni wapi. Fundi seremala wa chini alinipigilia gunia la katani kwenye ubao wa kama mita moja, na tukauegemeza imara ukutani, palepale alipokuwa akiharibu kiti. Mahali ndilo jambo. Ubao wa kwanza niliuficha nyuma ya mlango kwa sababu haukuwa mzuri machoni, na hakuugusa. Seremala huyo huyo ananipa vumbi la mbao la bure kwa ajili ya choo chake, kwenye beseni pana. Uchafu tunautoa kila siku, na si kwa ajili ya harufu tu: vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kama vimo, huhitaji kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Chanjo usiahirishe. Ya magonjwa ya paka huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa kutoka miezi mitatu. Jina la ugonjwa ni la mbwa, lakini paka anaupata na kuuambukiza. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka wa mtaani au asiyechanjwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Tafrani sasa ana miezi mitano. Mwezi uliopita niliokota jino lake dogo juu ya kitambaa cha kijivu, jeupe kama punje ya mchele. Paka hung'oa meno ya utoto 26 na kuota 30, na katika wiki hizo alitafuna kila kitu tena, nikadhani tumerudi nyuma. Nilimpa kitambaa kizito kilicholowanishwa na kuwekwa barafu ya jirani, akakitafuna huku nikimshikilia, ikapita. Pazia bado analipenda. Nimelikunja juu kwa nusu mita na kumwekea katoni mbili juu ya kabati, ili kupanda kwake kuwe na mahali pa kufika, na mara nyingi huchagua katoni.

Jirani aliyenishauri nimchape alikuja juzi kupimwa suti ya kanisani. Tafrani akajilaza juu ya kanda yangu ya kupimia. Jirani akanyoosha vidole kumchezea, na mtoto, bila kuinua kichwa kutoka kwenye hesabu zake, akasema, "Hapana mama, mkono si wa kuchezea, chukua kijiti."

Limebaki jambo moja, nalo silisubirishi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na anabeba kwa wiki tisa hivi. Katika nchi za mbali na ikweta, siku zikifupika wakati wa baridi paka hupumzika kuzaa. Hapa Nairobi mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo msimu wa kupumzika haupo. Ndiyo maana chini ya meza za Mutindwa kila mwezi kuna mwingine analia. Ukitafuta mahali pa kumfunga kizazi, uliza KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama kilichokuwepo tangu 1910, au kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au daktari wa mifugo aliyesajiliwa karibu nawe. Wetu anakwenda Jumatatu. Nimeshawaambia wenye sare kwamba kazi yao itachelewa siku moja.